Kiherehere Angoja Zamu Yake

Shemeji yangu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Anaanza kukinywa kwenye kiti, anaendelea dirishani akichungulia nani kapita, na kikombe chenyewe unakuja kukikuta juu ya kabati la viatu. Mtaani na kazini wanamwita Kiherehere, na sijamsikia hata siku moja akilalamika. Nadhani hajapata wasaa wa kutulia akalifikiria hilo jina.

Alimwoa mdogo wangu, na kwa jinsi watu wanavyopima waume, tulipata bahati. Hanywi. Hainui mkono. Jioni yuko nyumbani. Tatizo ni kwamba yuko nyumbani kweli kweli, kila pembe, kila dakika. Ukikata kitunguu, kisu kimeshahamia mkononi mwake kabla kitunguu hakijafika nusu. Ukianza sentensi anakumalizia, anaimalizia vibaya, kisha anaijibu. Asubuhi anakunja blanketi na wewe bado umo ndani. Mdogo wangu anafundisha darasa la kwanza. Anashinda na watoto wanaomvuta sketi kutwa nzima, anarudi nyumbani anakuta mtoto mwingine, huyu ana ndevu.

Kilichomshinda kabisa ni gauni. Alikuwa anajishonea gauni, pole pole, kila jioni kidogo, si kwamba hana la kuvaa bali kwa raha yake tu. Siku hiyo jirani akabisha hodi, mdogo wangu akaenda mlangoni kumsikiliza, na aliporudi akamkuta Kiherehere kwenye cherehani, pindo limeisha. Limekwenda upande. Mwenyewe anatabasamu, anangoja kushukuriwa. Kesho yake mdogo wangu akahamia kwangu.

"Amekufanya nini?" nikamwuliza.

"Sema hajafanya nini, Dada. Kila kitu anafanya yeye. Mimi mle ndani ni mgeni tu."

Kikao kikaitwa. Mashangazi wakauliza kama kuna mwanamke mwingine. Hakuna. Kuna kipigo? Hakuna. Wakatazamana. Mama yetu akasema yeye angepewa mume anayekunja blanketi angemfunga kamba asitoroke, na watu wakacheka mpaka wakasahau kilichowaleta. Nami nilianza kucheka, nikamwona mdogo wangu anavyoinama asilie, kicheko kikanikauka. Kikao kikavunjika bila uamuzi, kila mtu akiwa ameshiba chai.

Niseme wazi hali yangu ilivyokuwa. Nina chumba kimoja na kitanda kimoja, na mdogo wangu analala kama mtu anayepiga mbizi, mikono huku, miguu kule. Miezi ikapita. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa nakitaka kitanda changu, na sikuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Juu ya hayo, mumewe ndiye ninayeshinda naye kazini. Tunafanya kazi bekari moja, mimi meza ya kukandia, yeye tanuri. Nilimfahamu kabla hajawa shemeji, na ni kwangu walikoonana. Kwa hiyo nilikuwa naamka na malalamiko ya mmoja, nashinda na maswali ya mwingine. Amekula? Analala? Kaniulizia? Ningekuwa redio ningekuwa nimeungua.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja la bekari yetu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu trei ya moto haipokewi mkononi, hata iwe vipi. Zamani kabla sijaajiriwa, mwanamke mmoja alipokea trei kutoka kwa mwenzake, mwenzake akaiachia kabla hajaishika sawasawa, na mkono wake ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Tangu hapo, anayetoa anaiweka mezani, anasema "Imetua," ndipo anayepokea anagusa. Anayengoja anaweka mikono nyuma ya mgongo. Ni mazoea yaliyotuingia mwilini kiasi kwamba hata sabuni ya kunawia tunawekeana chini, hata ufunguo wa choo.

Na kituko ni kwamba mbele ya tanuri Kiherehere ni mtu mwingine kabisa. Yule yule asiyeweza kungoja birika lichemke anasimama pale mikono nyuma, ametulia kama mlinzi wa benki, mpaka asikie neno lile. Nilikuwa nimekiona hicho kituko miaka yote. Sikuwahi kukifikiria mara mbili.

Sasa, nje ya mji wetu kuna bwawa, na kila mwaka panakuwa na mashindano ya timu za watu watatu. Wa kwanza anaogelea, wa pili anaendesha baiskeli kuzunguka vilima, wa tatu anakimbia mpaka uwanja wa mpira mjini. Wanapokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa mkononi. Bosi wetu akapata wazo la kupeleka timu iliyovaa fulana zenye jina la bekari. Akatukusanya karibu na magunia ya unga akauliza nani yuko tayari, na kabla hajafunga mdomo Kiherehere alishajibu. Yeye atachukua baiskeli, kwa sababu kila siku anakuja nayo kazini kama anayefukuzwa. Mimi nitakimbia, kwa sababu daktari aliniamuru nikimbie kwa ajili ya presha. Hivi ndivyo niliyekuwa nakimbia kwa ajili ya presha nilivyopewa presha ya kukimbia.

"Na kuogelea?" bosi akauliza.

Dereva wetu, anayesambaza mikate kwa gari, mtu wa maneno machache, akasema yeye anajua kuelea tu. Kisha macho yote yakanigeukia mimi. Wote walijua mdogo wangu anaogelea. Baba yetu alikuwa mtunzaji wa bwawa la kuogelea la shule moja, nasi tulikulia kando ya maji yenye dawa. Mimi niliyaogopa tangu siku ya kwanza. Yeye, ukimtaka chakulani, ilibidi umvue kama samaki.

Jumamosi jioni Kiherehere akaja kwangu. Mdogo wangu alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Nikamkaribisha kiti, naye akakishika mgongo wake akabaki amesimama.

"Bosi anataka timu," akaanza. "Mimi baiskeli, Shemeji anakimbia, kuogelea hatuna mtu, nikasema wewe ndiye..."

"Umeshaniandikisha?"

Macho yalimkimbilia kwenye pazia langu, ambalo ni kweli limening'inia upande mmoja. Nikamwona mkono unanyanyuka kwenda kulinyoosha, nikamkazia macho, akaurudisha mfukoni.

"Nimeandikisha," akasema.

Mdogo wangu akaweka kalamu chini. Nilidhani atamfukuza. Nikajiandaa kusimama katikati, ingawa katikati ya chumba changu pana ndoo.

"Nitaogelea," akasema. "Lakini nisikilize, na usinikatize. Nikiwa majini, niache na maji yangu. Usinifundishe. Usinipigie kelele kutoka ukingoni. Siku yenyewe utakaa pale pa kupokelea, na hutatoka hapo mpaka nije nikupe ukanda mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Ukiweza hilo, narudi nyumbani."

"Nita..."

"Sijamaliza."

Akafunga mdomo. Mshipa wa shingoni ulikuwa unacheza.

"Ukishindwa, tusisumbuane tena. Kila mtu aende zake. Sasa nimemaliza."

Kiherehere akasema sawa. Akasema tena sawa. Akaaga, akafika mlangoni, akarudi kuokota kipande cha karatasi sakafuni, akakitazama, akakirudisha sakafuni pale pale kilipokuwa, akaondoka. Nilitaka kucheka na roho iliniuma.

Mazoezi yakaanza, na siku ya kwanza tu akaharibu. Mdogo wangu alikuwa kwenye bwawa la kuogelea la manispaa, anakata maji vizuri, mara huyo Kiherehere na taulo begani, filimbi mdomoni, anatembea ukingoni sambamba naye. "Mkono mrefu! Vuta! Vuta!" Mtu ambaye yeye mwenyewe akiingia kwenye maji yanayofika kiunoni anashika ukuta. Mdogo wangu akatoka majini, akavaa, akaondoka bila kumtupia neno. Nikamfuata Kiherehere kwenye geti nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Nilikuwa namsaidia tu, Shemeji."

"Nani kakuomba msaada?"

Akakuna kichwa. Ukiangalia uso wake, ungeona kwamba swali lenyewe lilikuwa geni kwake.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale. Aliteseka, na akatutesa. Kazini alikuwa ananisubiri mlangoni kabla sijafunga aproni. Jana kaogelea mpaka wapi? Anahema vipi? Miwani haivuji? Nikamwambia simjibu, na sikumjibu. Basi akawa anautoa wasiwasi wake kwenye baiskeli. Anapanda vilima asubuhi, anapanda jioni, anarudi amelowa jasho, na bado anafagia uwanja wa bekari ambao kulikuwa na mtu wa kuufagia. Nami nilikuwa nakimbia barabara ya mjini nikiwa na mawazo ya watu wawili kichwani, na usingizi wangu ukawa wa kuibia.

Kupokezana tulifanyia mazoezi nyuma ya bekari, karibu na kuni. Yeye anakuja na baiskeli, anaruka, anavua ukanda, anauweka chini, anasema "Imetua," mimi mikono nyuma, nainama, nauokota, nakwenda. Tulifanya hivyo kwa majuma, tukawa wepesi kama umeme. Dereva alikuwa anatutazama, bosi alikuwa anatutazama, nusu ya wafanyakazi walikuwa wanatutazama, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Wote waokaji.

Mdogo wangu alikuja mara moja tu, kufanya mazoezi ya kumpa Kiherehere ukanda. Akaja mbio mpaka mbele yake, akaunyoosha. Kiherehere amesimama, mikono nyuma, anamtazama.

"Vipi?" mdogo wangu akauliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Uweke chini."

Mdogo wangu akanigeukia. Nikamweleza habari za trei na yule mwanamke aliyeungua. Alinisikiliza huku anamtazama mumewe, ambaye hakuwa ameondoa mikono mgongoni. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, karibu na duka la vifaa vya ujenzi, akasimama.

"Kumbe anaweza," akasema.

"Anaweza nini?"

"Kungoja."

"Kazini ni lazima. Asipongoja ataungua."

"Na nyumbani je? Anadhani mimi siunguzi?"

Jioni hiyo alipika, akala, akaosha vyombo vyake taratibu mno, kimoja kimoja, na nikaelewa ni kitu gani alichokuwa amenyimwa. Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nikamwogopea Kiherehere. Niliona kwamba mdogo wangu hatanii. Ikishindikana, hatarudi kweli.

Siku ya mashindano ilianza na baridi. Kando ya bwawa walikuwa wamechora miraba kwa rangi nyeupe juu ya lami, kila timu na mraba wake, na baiskeli zimepangwa nyuma. Msimamizi, bwana mmoja mrefu mwenye kipaza sauti kinachokoroma, akasoma masharti. Mpokeaji asitoke kwenye mraba wake kabla ya kupewa ukanda. Ukanda upite mkono kwa mkono. Ukigusa ardhi, timu itasimamishwa. Tulisikia vizuri. Kiherehere hata aliitikia kwa kichwa.

Mdogo wangu akashuka majini na wenzake. Hakumuaga mtu. Kiherehere akaingia kwenye mraba, mimi nikasimama kando yake nje ya mstari, na filimbi ikalia.

Mwanzo alikwenda vizuri. Kofia yake nyekundu ilikuwa kati ya zile za mbele, na moyo wangu ulikuwa unadunda kwa raha. Kiherehere alivua viatu, akavivaa, akavivua. Aliuliza kama ule upepo unamsukuma mkewe au unampinga. Nikamwambia anyamaze. Wakazunguka boya la mbali, kofia nyekundu nayo ikazunguka, na mara ikasimama.

Ikarudi nyuma kidogo. Tukamwona amelikumbatia lile boya, kichwa kimelala juu yake. Kofia nyingine zikampita, moja, nyingine, nyingine tena. Boti ya waokoaji ikageuza pua kuelekea kwake.

Mimi huyu, niliyemtukana Kiherehere getini, niliyemkazia macho kwa ajili ya pazia, mimi ndiye niliyemshika mkono nikamvuta.

"Nenda!" nikamwambia. "Nenda, anakufa yule."

Hakusogea. "Amewapungia boti waondoke," akasema. "Umeona? Amewapungia."

"Sijaona kitu. Nenda."

"Anayekufa hakatai boti."

"Wewe unajuaje?"

"Sijui." Akajinasua mkononi mwangu. "Sijui, Shemeji. Niache."

Ilikuwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamtazama. Vidole vya miguu vilikuwa juu ya rangi nyeupe, havijavuka. Mikono ilikuwa nyuma ya mgongo, vile vile anavyosimama mbele ya tanuri. Jasho lilimtiririka katika baridi ile. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa, kwa sababu angalau mara moja maishani nilitaka awe Kiherehere, naye amekataa.

Boti ikakaa karibu na boya. Kisha kofia nyekundu ikaliachia, ikaanza kuja. Haikuja kwa ule mkato wake wa kawaida. Ilikuwa mikono tu, miguu imekufa, inasimama, inakuja tena. Wengi walishatoka majini, baiskeli zao zimeshaondoka. Alipofika kwenye kina kifupi alijaribu kusimama akaanguka, akatambaa, akasimama tena. Akapanda mteremko anachechemea, ameshika paja. Sijui Kiherehere pumzi aliziweka wapi.

Mdogo wangu akasimama mbele ya mstari. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Msuli ulinikaza," akasema. "Uliniona?"

"Nilikuona tangu ulipolishika boya."

"Na hukuja."

"Hukuniita."

Alimtazama kwa muda ambao kwenye mashindano hakuna mtu anao. Kisha akavua ukanda akaunyoosha. Mikono ya mumewe ilikuwa bado mgongoni, nafikiri hakuwa na habari nayo tena.

"Chukua," mdogo wangu akamwambia, na hakulisema kwa upole.

Akachukua, akarukia baiskeli, akaondoka peku. Ilibidi nimkimbilie na viatu, akavivaa huku anakanyaga pedali.

Nikamfunika mdogo wangu taulo, nikamkalisha, nikaanza kumkanda paja. Akanyanyuka. Akaenda mpaka kwenye kamba akatazama barabara ya vilimani, akarudi, akakaa, akanyanyuka tena, mguu mmoja akiuburuta. Nilimwambia kama anataka ugonjwa wa mumewe umwambukize, amechagua siku nzuri.

"Nilitaka aje, Dada," akasema.

"Si wewe uliyemkataza?"

"Ni mimi. Lakini nilipokuwa pale, maji yameniingia puani, nilitaka aje. Nikatazama nikamwona amesimama tu kama mti. Nikawaka. Ile hasira ndiyo iliyonileta mpaka hapa."

"Kwa hiyo?"

"Sijui. Usiniulize." Akaenda tena kwenye kamba. "Mbona anachelewa?"

Mimi nilikuwa sielewi tena nitamani nini. Aliyetimiza sharti lake barabara sasa anaweza kuachwa kwa sababu amelitimiza. Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Nilitaka pia mtu anikande mimi.

Kiherehere aliporudi alikuwa amewapita wengi. Akaja kwa kishindo, akaruka kabla baiskeli haijasimama, akavua ukanda, na mbele ya msimamizi, mbele ya umati wote, akainama akauweka juu ya lami.

"Imetua!"

Nami, mikono ikiwa nyuma ya mgongo, nikainama nikauokota. Kwa ustadi kabisa. Nilikuwa nimeshakata hatua kadhaa nikijisifu moyoni kwa wepesi wetu, ndipo filimbi iliponifuata.

"Fulana ya bekari! Rudi!"

Nikageuka, nikamwona msimamizi anaonyesha lami kwa kidole kirefu, na hapo akili ikanirudia. Waokaji waliokuwa nyuma ya kamba, waliokuja kutushangilia, walikuwa wanaulizana tumekosa nini.

Tukarudia kupokezana mkono kwa mkono kama watu wa kawaida, kisha nikapelekwa kwenye mraba wa adhabu, kando kabisa, nisimame hapo mpaka niruhusiwe. Damu ilinichemka. Lakini kutoka pale nilikuwa nawaona wale wawili, ingawa sikuweza kuwasikia.

Kiherehere alikuwa ameketi. Ameketi chini, juu ya lami, miguu ameinyoosha, na hakuna kitu alichoshika. Mdogo wangu amesimama mbele yake na taulo lake, anaongea. Mkono unaonyesha bwawa, unamwonyesha yeye, unarudi kifuani mwake mwenyewe, unaonyesha bwawa tena. Mara mbili nilimwona Kiherehere anafungua mdomo, na mara mbili akaufunga. Kisha mdogo wangu akanyamaza. Wakatazamana. Nikavuta shingo mpaka ikaniuma.

"Haya mama, nenda," msimamizi akasema.

"Ningoje kidogo."

"Ungoje nini? Wenzako wote wameondoka."

Nikaenda. Sikuwahi kukimbia njia ndefu kama ile. Kila kona nilikuwa nageuka nyuma, kana kwamba kutoka kule barabarani ningeweza kuona uso wa mtu aliyeko bwawani. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa kuweka sharti, nikamkasirikia mumewe kwa kulishika, nikajikasirikia mwenyewe kwa kuinama kuokota kitambaa. Nilipita duka la vifaa vya ujenzi, nikapita kituo cha mafuta, watu walinipigia makofi nami nikawaona kama maadui. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, wasiwe wameachana nikiwa bado sijafika.

Uwanjani nilikuwa karibu wa mwisho. Nilivuka mstari nikiwatafuta kwa macho. Dereva alikuwa amepanga kuwachukua kwenye gari la mikate awalete wanipokee. Nikamwona Dereva. Peke yake, na chupa ya maji.

"Pole na mbio," akaniambia.

"Wako wapi?"

"Kunywa kwanza."

"Wako wapi, nimekuuliza?"

"Niliwapakia. Wakashuka njiani."

"Njiani wapi? Kwangu au kwao?"

Dereva si mtu wa kukimbizwa. Alinifungulia chupa, akahakikisha nimekunywa, ndipo akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo. Ulikuwa wa chumba changu, ule niliomchongeshea mdogo wangu alipohamia.

"Kwao. Kasema nikupe huu," akasema. "Kasema vitu vyake atakuja kuvichukua kesho."

Nikaushika ule ufunguo, na hasira ikanipanda upya. Nimekimbia kwa ajili yao, nimesimamishwa kama mwizi kwa ajili yao, mapafu yanawaka moto, na watu ambao ndoa yao nzima iliponea kwenye kungoja wameshindwa kuningoja mimi. Nikamwambia Dereva hayo yote, na mengine. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Walikuwa wanaongea?" nikamwuliza mwishowe. "Mle garini?"

"Mdogo wako alikuwa anaongea. Njia nzima."

"Na yeye?"

"Alikuwa anasikiliza tu. Nikadhani anaumwa."

Nikamwambia hapana, ni mzima, kisha nikakaa pale pale kwenye nyasi za uwanja na kulia.